Maswali ya Wasomaji: Chipu ya Grafiki Imekufa, Waranti Inasemaje?

Mwezi huu nimeamua nisichanganye mada. Meseji mlizotuma karibu zote zinaongelea kitu kimoja, kufa kwa chipu ya grafiki, ile inayotengeneza picha ya kwenye skrini. Laptopu inaanza kuleta mistari kwenye skrini, mara inaganda, halafu siku moja haionyeshi kitu kabisa, na ukiirudisha ulikonunua unaambiwa hiyo haipo kwenye waranti. Hela inayopotea hapa ni ya ada, ya biashara, ya mtu aliyekopa kikoba, kwa hiyo nimejibu kwa kirefu pale panapohitaji. Barua zingine nimezipunguza urefu tu.

Shikamoo mhariri. Niko mwaka wa tatu, nasoma usanifu majengo. Mzee alininunulia laptopu mpya kabisa kwenye boksi, duka lipo mjini Posta, ina chipu ya grafiki ya peke yake maana programu zetu za kuchora ni nzito. Ina miezi tisa. Imeanza kuleta mistari ya rangi rangi na vijiboksi, saa nyingine skrini inakuwa nyeusi ila feni inazunguka na taa inawaka. Fundi Kariakoo kasema chipu imekufa, anaichoma kwa elfu tisini naichukua kesho yake. Nina kazi ya kuwasilisha mwisho wa mwezi. Nimpe?
*Mwanafunzi, Mwenge*

Marahaba mwanangu. Usimpe. Narudia tena, usimpe, na kama ulishamwachia mashine nenda kaichukue leo kabla hajaifungua.

Miezi tisa kwa laptopu mpya maana yake bado uko ndani, kwa sababu waranti ya kiwandani kwa laptopu nyingi ni mwaka mmoja. Akishaifungua fundi wa nje na kuipiga blowa, ile mashine ya hewa ya moto, alama zinabaki, bodi inabadilika rangi, kunakuwa na mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemu, pembeni ya chipu, na mtu wa sevisi senta akifungua akaona hivyo tu anakuandikia imechezewa na hapo umeshapoteza haki ya madabodi nzima, yaani bodi kuu ya laptopu, kwa ajili ya elfu tisini.

Ngoja nikueleze kinachotokea mle ndani ili mtu asikubabaishe. Chipu ya grafiki ni kipande kidogo cha silikoni kimekalishwa juu ya kibao chake chembamba, na kinachounganisha hivyo viwili ni vinundu vidogo sana vya lehemu, mamia kwa mamia, jicho halivioni. Kati ya vinundu kunawekwa gundi maalumu ya kuvishikilia. Halafu kile kibao nacho kinashikiliwa kwenye madabodi na vijigololi vingine vya lehemu, vikubwa zaidi. Ukifanya kazi nzito chipu inapanda nyuzi 80 au 90, ukizima inashuka, kesho inapanda tena. Silikoni na kibao havitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo kila ikipata moto na kupoa vile vinundu vinavutwa huku na huku, na kama lehemu au gundi iliyotumika haikuchaguliwa vizuri vinapata ufa. Nundu moja likiachia kidogo ndio unaona mistari, yakiachia zaidi skrini inakuwa nyeusi huku feni inazunguka, hiyo hiyo hali yako.

Sasa kuchoma. Fundi anapiga hewa ya moto, chipu inatanuka, sehemu zilizoachana zinagusana tena, laptopu inawaka unafurahi unalipa. Ila hakuna kilichotengenezwa pale. Lehemu inayotumika kwenye madabodi za siku hizi isiyo na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati kuna chipu ambazo vinundu vyake vya ndani vilitengenezwa kwa lehemu yenye risasi nyingi ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 300, kwa hiyo moto wa blowa unafika kwenye vijigololi vya chini ambavyo havikuwa na tatizo na ule ufa wa ndani unabaki pale pale. Inakaa siku kadhaa, ikibahatika miezi, halafu inarudi vile vile, na safari hii bodi imeshapinda. Hata ile kazi ya kuing'oa chipu na kuiwekea vijigololi vipya halafu kuirudisha ile ile haisaidii kama ufa uko juu yake. Fundi anayejua kazi atakwambia kitu kimoja tu, abadilishe chipu yenyewe aweke mpya, au ubadilishe bodi. Sisemi mafundi wa Kariakoo hawajui, wapo watu pale wana mikono ya ajabu na wanakwambia ukweli kabla hujatoa hata mia, ila anayekuahidi kesho yake kwa kuchoma anakuuzia muda.

Kabla hujaenda dukani fanya vipimo vichache ili uende ukijua unachosema. Iunganishe na TV au monita kwa waya wa HDMI. Mistari ikionekana kwenye laptopu tu na kule nje picha ni safi, kuna uwezekano mkubwa ni skrini au ule waya wake mwembamba unaopita kwenye bawaba, hiyo ni nafuu. Ikionekana kote kote, chipu au bodi. Angalia pia mistari inaanza lini, ikiwepo tangu ile nembo ya kampuni inavyotokea kabla Windows haijaanza basi sio mambo ya draiva, ile programu inayoiendesha chipu, ila ikianza ndani ya Windows tu jaribu kwanza kutoa draiva ya grafiki na kuiweka upya. Ukiingia kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager) ukaona ile chipu ina alama ya njano na kosa namba 43, piga picha. Piga na video ya mistari yenyewe ukitumia simu, maana laptopu hizi zina tabia ya kukaa vizuri siku hiyo hiyo unayoipeleka.

Halafu kuhusu kazi yako ya mwisho wa mwezi. Laptopu nyingi zenye chipu ya peke yake zina na grafiki nyingine ndogo ndani ya prosesa. Ukiweza kuingia kwenye Windows, nenda kwenye hiyo orodha ya vifaa uizime ile kubwa kwa muda, itakwenda polepole kwenye michoro mizito ila itakwenda. La kwanza kabisa lakini toa mafaili yako yote uyaweke kwenye hadi diski ya nje leo hii, sevisi senta nyingi zinakusainisha karatasi kwamba hawahusiki na data.

Na risiti. Kama ni ya EFD jua kwamba ile karatasi inafutika, ukiiweka kwenye pochi miezi sita inakuwa nyeupe. Kama mzee bado anayo muombe aipige picha sasa hivi.

Kaka habari za kazi. Shemeji ananikataza nisinunue laptopu yoyote yenye chipu ya grafiki ya kampuni ya Nvidia, anasema ziliwahi kutoka mbovu dunia nzima na kampuni ikalipa hela. Ni kweli au maneno ya mtaani? Nataka kuchukua ya mtumba.
*Tabata*

Shemeji kasema kweli, ila ni habari ya zamani na ina mwendelezo ambao pengine hakuumalizia.

Mwaka 2008, mwezi wa saba, Nvidia wenyewe walitangaza kwamba wanatenga dola milioni 150 mpaka 200 kwa ajili ya waranti na matengenezo, kwa sababu baadhi ya chipu zao za laptopu za toleo lililopita zilikuwa zinakufa kuliko kawaida, na wakataja udhaifu wa malighafi zilizotumika kufungashia chipu. Ni yale yale niliyomueleza mwanafunzi hapo juu, vinundu na gundi. Zilizolalamikiwa sana ni za familia ya GeForce 8400M na 8600M. Dell waliongeza miezi 12 ya waranti kwa matatizo hayo tu. HP nao waliongeza muda kwa baadhi ya mashine, zikiwemo Pavilion dv2000, dv6000 na dv9000, na hizo kwa wanaokumbuka zilijaa hapa mjini. Apple wakasema MacBook Pro zenye 8600M GT zitatengenezwa bure hata kama waranti imeisha, wakaanza na miaka miwili tangu kununua, baadae wakasogeza mpaka minne. Kesi ya pamoja ya wateja ilifunguliwa Marekani na mwaka 2010 ikaisha kwa makubaliano, watu wakatengenezewa au wakapewa mashine nyingine.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo sisi wa Dar tunapoumia. Makubaliano yale yaliwahusu walionunua Marekani. Mtu aliyekuwa na laptopu ile ile na chipu ile ile hapa Tandika hakupata kitu. Na zile nyongeza za waranti zote zilikuwa na tarehe ya mwisho, wengi habari iliwafikia muda umeshapita, mashine imeshachomwa na imeshauzwa spea.

Na sio Nvidia peke yao. MacBook Pro za mwaka 2011 za inchi 15 na 17 zilikuwa na chipu za kampuni nyingine, AMD, nazo zikaanza kufa, picha inaharibika, mashine inajizima na kujiwasha, watu wakalalamika muda mrefu mpaka Februari 2015 Apple wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure, na huo ukafungwa mwisho wa 2016. Kwa hiyo ukikwepa jina la Nvidia hujakwepa tatizo, chipu yoyote inayopata moto sana kwenye kasha jembamba iko kwenye hatari hiyo, zinatofautiana tu uimara.

Kwa mtumba ningekushauri hivi. Kama kazi yako ni Word, Excel, intaneti na kuangalia muvi, chukua yenye grafiki ya ndani ya prosesa tu, hiyo nyingine unanunua joto na wasiwasi bure. Kama unaihitaji kweli, usiipime kwa dakika tano pale kaunta. Mwambie muuzaji unataka kuiendesha nusu saa, weka gemu au programu ya kuipa chipu mzigo, shika pale feni inapotolea hewa, angalia kama kuna vijidoti au kuganda. Iliyochomwa juzi inawaka vizuri kabisa ikiwa ya baridi na inakuja kuonyesha rangi zake ikishapata moto, ndio maana wengine hawapendi ukae nayo muda mrefu. Muuzaji akikataa nusu saa, ondoka, Aggrey ina maduka mengi. Na akikwambia ina waranti ya mwezi mmoja au mitatu, ayaandike kwenye risiti pamoja na ile S/N, namba ya utambulisho wa mashine, iliyo chini ya laptopu, waranti ya mdomo ikifika siku ya matatizo anakuwepo kijana mwingine dukani.

Habari, mimi nafanya video za harusi na sherehe. Mdogo wangu alinichukulia laptopu Dubai, mpya, sasa miezi mitano skrini inakufa nikianza kurenda video, ile hatua ya kuitoa ikiwa imekamilika. Wakala wa hiyo kampuni hapa Dar kanijibu waranti ni ya kule kule. Nina harusi mbili sijazikabidhi. Nifanyaje?
*Mama Video, Mbagala*

Pole sana mama, najua maharusi hawasubiri.

Wakala anaweza kuwa sahihi na anaweza kuwa anakwepa kazi, inategemea mashine. Kampuni moja inaweza ikawa na laptopu yenye waranti ya kimataifa na nyingine yenye waranti ya nchi ilikouzwa tu, mara nyingi zile za kiofisi ndio zinapewa ya kimataifa na za bei ya kawaida zinafungwa kwenye eneo. Kwa hiyo usiishie kwenye jibu la kaunta. Chukua S/N, ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe kwenye sehemu ya kuangalia waranti, iingize, itakuonyesha aina ya waranti, inaisha lini na mara nyingi inahusu nchi gani. Piga picha hiyo kurasa. Ikionyesha ni ya kimataifa rudi kwa wakala na hiyo picha, akikataa omba akuandikie kwa barua pepe sababu ya kukataa, halafu uitume makao ya kampuni kwa mawasiliano ya tovuti hiyo hiyo. Nimeona watu wanabadilishiwa jibu wakishaomba maandishi tu.

Angalia na tarehe. Kampuni nyingi zinaanza kuhesabu siku mashine ilipotoka kwao kwenda kwa muuzaji, sio siku uliyonunua wewe, kwa hiyo laptopu iliyokaa stoo Dubai miezi minane inaweza kuonekana imebakiza kidogo sana au imeisha. Hiyo inarekebishika ukiwatumia risiti ya kununulia, muulize mdogo wako kama bado anayo, hata ya kwenye simu.

Ikiwa kweli ni ya kule tu, bado una njia. Dar na Dubai ndege kila siku, watu wanakwenda kuchukua mizigo, mtafute unayemuamini aipeleke pamoja na risiti mpaka sevisi senta ya kampuni na sio dukani. Toa kwanza mafaili yote ya wateja. Utalipa usafiri na kusubiri, lakini kwa miezi mitano kubadilishiwa bodi bure ni bora mara nyingi kuliko kununua bodi hapa. Harusi hizo mbili kodi mashine kwa mwenzio umalize, au rendea kwa kutumia prosesa badala ya chipu ya grafiki, ipo kwenye mipangilio ya programu za video, itachukua muda wa kulala na kuamka ila itatoka.

Mimi nilinunua hapa hapa mjini, ina risiti na waranti ya mwaka. Imekufa grafiki ikiwa na miezi minane, duka linasema ni umeme wa kukatika katika, waranti haihusu umeme. Kwenye risiti pia wameandika mali ikiuzwa hairudishwi. Je nimeshindwa?
*Baba wawili, Gongo la Mboto*

Hujashindwa. Ni kweli waranti nyingi zinaondoa madhara ya umeme, maji na kuanguka, na umeme wetu tunaujua. Ila kusema ni umeme sio sawa na kuonyesha ni umeme. Umeme mkubwa ukija unaanza kukutana na chaja, ikipita hapo unakutana na sehemu ya kuingizia umeme kwenye bodi, vitu vinaungua, mara nyingi laptopu haiwaki kabisa na fundi anaweza kukuonyesha kilichoungua kwa kidole. Sasa mashine yenye chaja nzima, inachaji, inawaka taa, feni inazunguka, na ilianza kwa mistari iliyoongezeka taratibu, hiyo dalili inaelekea kwenye chipu yenyewe. Waambie wakupe ripoti ya fundi kwa maandishi, kitu gani kimeungua, na picha. Usisaini karatasi yoyote inayosema umekubali kosa ni lako ili tu upewe punguzo la matengenezo.

Hayo maneno ya mali ikiuzwa hairudishwi yasikutishe, yapo kwenye risiti za nusu ya mji huu. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 ina sehemu zinazomlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara kiwe na ubora unaofaa kuuzwa na kifae kazi ambayo mnunuzi alimwambia muuzaji anakitakia. Andika barua fupi kwa duka, tarehe ya kununua, S/N, tatizo, unataka nini, ambatanisha risiti na kadi ya waranti, wape siku saba au kumi na nne, wagonge muhuri nakala yako. Wakikaa kimya peleka nakala hizo Tume ya Ushindani, FCC, kupokea malalamiko ya walaji ni kazi yao. Usiende na hasira mikono mitupu, nenda na karatasi, maana bila karatasi inakuwa neno lako na lao. Na muda wote huo laptopu isiguswe na fundi mwingine, hata kwa kuangalia tu.

Hizi stendi za feni za kuweka chini ya laptopu zinasaidia au wanatuibia?
*Kigamboni*

Zinasaidia kidogo, sanasana kwa sababu zinainua mashine hewa ipite chini. Kinachosaidia zaidi ni usafi. Mji wetu una vumbi na joto, na ukitumia laptopu kitandani godoro linaziba matundu ya hewa na chipu inapanda moto hapo hapo. Kama waranti imeshaisha mpelekee fundi mzuri afungue, atoe vumbi kwenye feni na kile chuma cha kupozea, abadilishe na pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na hicho chuma, mara moja kwa mwaka inatosha kwa nyumba nyingi, ukiwa karibu na barabara ya vumbi fanya mbili. Kama waranti bado ipo peleka kwa wakala akusafishie na uombe karatasi ya kazi hiyo.